Homa ya mafua imeingia mitaani Tanga: nani nyumbani achanjwe kwanza?

Mama Makorora (mwanzisha uzi)

Wazazi wenzangu wa Tanga, nawasalimu nyote. Naandika kwa sababu tangu kusi lianze kuvuma kwa nguvu, kila nyumba ninayoingia, kuanzia Makorora hadi Mikanjuni, nakuta kikohozi, na darasani kwangu madawati ya mbele yamebaki na nafasi. Watoto wanarudi kutoka shule wakiwa na homa, jioni wanapelekwa chuoni, yaani madrasa, hivyo hivyo, na asubuhi ndugu zao nao wanaamka na macho mekundu na viungo vinauma. Wazazi wengi wameniuliza kama tuwapeleke watoto na wazee wetu wakachanjwe chanjo ya homa ya mafua, au tungoje ipite kama zilivyopita nyingine. Nyumbani kwetu nasi tumelijadili jambo hili mpaka tukafika mahali pa kuamua.

Msimamo wangu ni huu: fedha na juhudi zetu zianzie kwa yule ambaye akiugua homa hii atafikishwa wodini, na kabla hata ya kufika kwake tufungue kadi za kliniki za watoto tuone kama kuna chanjo iliyorukwa.

Naanza na jambo ambalo wengi hawalijui. Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya taifa. Mtoto wa Tanzania hupewa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio anapozaliwa, hupewa pentavalenti, ile sindano moja ya kuzuia magonjwa matano, na chanjo ya nimonia katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena akifikisha miezi 18, na zote hizo ni bila malipo. Ya homa ya mafua ni ya kulipia, hupatikana katika baadhi ya vituo binafsi, na anayeitaka ni afadhali apige simu kwanza kabla ya kupanda daladala. Kwa hiyo mtu wa kipato changu mwenye familia ya watu sita hawezi kusema tu kwamba wote wachanjwe kesho. Inabidi achague, na kuchagua kunahitaji kujua.

Homa hii husababishwa na virusi vya influenza, ambavyo hubadilika mwaka hadi mwaka, na ndiyo sababu chanjo ya mwaka juzi haitoshi mwaka huu. Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini mwa dunia na mwezi Septemba kwa nchi za kusini, ili kupendekeza aina zitakazotiwa ndani ya chanjo. Zamani chanjo nyingi zilikuwa na aina nne. Siku hizi nyingi zina tatu, kwa sababu aina mojawapo, ile ya B iitwayo Yamagata, haijathibitishwa kuonekana popote tangu Machi 2020. Ukiambiwa chanjo uliyoletewa ina aina tatu, usidhani umepunjwa.

Je, inazuia? Inazuia kwa kiasi. Katika misimu ambayo aina zilizochaguliwa zimelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hatari ya kuugua hupungua kwa asilimia 40 hadi 60. Anayetaka kinga kamili hataipata hapa. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 3 hadi 5 huugua vibaya kwa homa hii duniani, na kati ya watu 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya njia ya hewa yanayotokana nayo. Kwa mtu ambaye mwili wake tayari una mzigo mwingine, nusu ya hatari kuondolewa ni jambo kubwa.

Sasa nije kwenye familia yangu, maana hapa ndipo hesabu ilipofanyika. Mama mkwe wangu ana kisukari. Mwanangu wa pili ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mdogo wao ana miezi minne na bado ananyonya. Baba yao na kaka yao mkubwa ni wazima, na mimi pia.

Mwenye selimundu ndiye wa kwanza, na sikuhitaji kujadiliana na mtu. Wengu wa watoto hawa huharibika mapema, hivyo kinga yao dhidi ya vijidudu vya mapafu ni dhaifu, na kifua kikiwabana wanaweza kuingia katika hali ya hatari ndani ya saa chache. Nchini kwetu inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, kwa hiyo ninajua kwamba wengi wanaosoma hapa wana mtoto, mpwa au jirani wa namna hii. Wa pili ni bibi yao. Mchanga hawezi kuchanjwa, kwa kuwa chanjo hii haitolewi kabla ya miezi 6. Kinachoweza kumkinga ni sisi tunaombeba kutomletea virusi, na ndiyo maana mimi ninayemnyonyesha nimekuwa wa tatu. Baba yao na kaka yao watasubiri mpaka mfuko uruhusu.

Kuhusu kadi za kliniki nina jambo la kusisitiza. Mwaka 1918 homa ya influenza iliingia Afrika Mashariki kwa meli, kupitia bandari za pwani yetu hii, ikapanda na reli hadi bara, na duniani kote inakadiriwa iliua watu wapatao milioni 50. Watafiti waliochunguza mapafu ya waliokufa wakati ule walikuta kwamba wengi hawakuuawa na virusi peke yake. Virusi vilijeruhi njia ya hewa, kisha bakteria wa nimonia wakaingia. Chanjo ya kuzuia bakteria hao mtoto wako anaipata bure katika zahanati ya mtaa tangu mwaka 2013, na kinga ya bakteria mwingine wa nimonia, aitwaye Hib, imo ndani ya pentavalenti. Nimeona kadi za wanafunzi wangu ambazo wiki ya 6 imejazwa, ya 10 imejazwa, na ya 14 iko tupu kwa sababu mama alisafiri kwenda Lushoto kwenye msiba na hakurudi kliniki. Mzazi wa namna hiyo akiniuliza habari za chanjo ya kulipia, namwomba kwanza aende akaonyeshe kadi hiyo kwa nesi.

Naomba wenye ujuzi na wenye mashaka waandike.

Baba Mzingani

Mwalimu, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu kwa kuweka mambo ya nyumbani kwako wazi. Hata hivyo mimi nina mashaka, na naomba nisichukuliwe kuwa mjinga kwa kuyasema.

Sisi tumekua na mafua. Mama zetu walitufunika blanketi, wakatupigisha nyungu ya mkaratusi na mchaichai, tukapewa uji wa moto wenye pilipili manga, na baada ya wiki tukarudi kucheza mpira. Mwaka 2021 tulihimizwa nyungu na tangawizi, kisha tarehe 28 Julai mwaka huo huo chanjo ya UVIKO-19 ikazinduliwa na tukaambiwa tujipange foleni. Wengi wetu tulibaki hatujui tumwamini nani. Vilevile nimesoma kwamba Marekani mwaka 1976 walisimamisha chanjo ya homa ya mafua kwa sababu watu walipooza, na kwamba Ulaya baada ya mwaka 2009 kuna watoto waliopata ugonjwa wa kusinzia ghafla. Kama hayo ni kweli, kwa nini nimchukue mtoto mzima, mwenye afya, nimtie sindano kwa ajili ya mafua?

Nesi Mstaafu wa Chumbageni

Baba Mzingani, mwanangu, umeuliza kama mzazi anavyopaswa kuuliza. Mimi nimefanya kazi wodi ya watoto na kliniki ya mama na mtoto mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakujibu kwa mpangilio wa maswali yako.

Ya mwaka 1976 ni kweli. Marekani ilichanja watu wapatao milioni 45 dhidi ya homa ya mafua ya nguruwe, na ikaonekana ongezeko la ugonjwa wa kupooza uitwao Guillain-Barré, takriban mtu mmoja wa ziada katika kila watu 100,000 waliochanjwa. Kazi ile ilisimamishwa Desemba mwaka huo huo. Tangu hapo chanjo za kila mwaka zimekuwa zikifuatiliwa kwa ajili ya jambo hilo hasa, na pale ongezeko linapoonekana huwa la mtu mmoja au wawili katika kila dozi milioni moja. Tena kumbuka kwamba homa ya mafua yenyewe nayo huweza kuleta kupooza huko. Ya kusinzia pia ni kweli: ilihusishwa na chanjo moja iliyoitwa Pandemrix, iliyotumika katika mlipuko wa 2009, na ikagundulika kwanza Finland na Sweden kwa watoto na vijana. Chanjo hiyo haitumiki tena. Nakueleza haya bila kuficha kwa sababu mzazi akifichwa jambo moja la kweli, hataamini mengine kumi ya kweli atakayoambiwa baadaye.

Na kwa upande wa madhara ya kawaida, bega huuma, mtoto huweza kuwa na joto kidogo siku moja au mbili, basi. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa na haiwezi kumletea mtu homa ya mafua. Mzio mkali hutokea mara chache sana, kwa kadiri ya mmoja katika milioni, na ndiyo sababu tunakuomba ukae kwenye benchi dakika 15 kabla ya kuondoka. Usiondoke mbio kwa sababu bajaji inakusubiri.

Kuhusu nyungu, mimi siwezi kumzuia mtu mzima kujifukiza, ingawa haiui virusi. Kwa watoto nakataa kwa moyo wote. Nimewapokea watoto waliomwagikiwa na sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi, na majeraha yale ya kifua na mapaja huchukua muda mrefu kupona kuliko mafua yoyote. Asali na ndimu ni nzuri kwa koo, lakini asali isitolewe kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Aspirini mtoto mwenye homa ya mafua asipewe kabisa, kwa kuwa inaweza kumharibu ini na ubongo. Mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Na dawa za antibiotiki zinazonunuliwa dukani bila cheti hazigusi virusi.

Umetaja imani, na hapo ndipo nimetafakari zaidi. Hapa mkoani kwetu, Korogwe, kati ya mwaka 2009 na 2014, wazazi walikubali watoto wao washiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Bagamoyo nao walishiriki. Vilikuwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, na watoto zaidi ya 15,000. Wazazi wale waliuliza maswali magumu kuliko yako, walitia saini baada ya kuelezwa, na watoto wao walifuatiliwa miaka, si siku. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ile kwa watoto wa Afrika, ushahidi mmojawapo ulikuwa umetoka katika mikono ya watu wa Korogwe. Kwa hiyo sikubali tukisema kwamba mambo ya chanjo ni ya kuletewa tu kutoka mbali na sisi kazi yetu ni kukubali au kukataa.

Sasa, mtoto wako mzima mwenye umri wa kwenda shule, akiugua, kuna uwezekano mkubwa atapona kwa uji na mapumziko. Sitakwambia uuze kitu ili umchanje. Lakini nieleze: nyumbani kwako nani mwingine analala chumba kimoja naye?

Baba Mzingani

Bibi, shikamoo. Analala na baba yangu mzazi, ambaye ana pumu na umri wake umepita miaka 70. Nimekuelewa unakonielekeza.

Binti Pangani

Shikamoo Bibi, salamu mwalimu. Mimi ni mjamzito wa miezi sita. Wifi yangu ameniambia kwamba sindano yoyote nje ya pepopunda ni hatari kwa mimba, na wengine wanasema chanjo hizi zinaharibu kizazi. Mume wangu anafanya kazi bandarini Tanga na wenzake kadhaa wamelala kwa homa hii. Naogopa pande zote mbili.

Nesi Mstaafu wa Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Hofu yako naielewa, na wifi yako amesema kwa kukupenda, lakini katika hili naomba usimsikilize.

Mjamzito ni miongoni mwa watu ambao Shirika la Afya Duniani linawatanguliza katika chanjo hii, kwa sababu mapafu yamebanwa na mimba, moyo unafanya kazi ya ziada, na kinga ya mwili imebadilika. Katika mlipuko wa mwaka 2009 wajawazito waliugua vibaya kuliko wanawake wengine wa umri wao. Chanjo ya sindano hutolewa katika mwezi wowote wa mimba. Tena wewe una faida ambayo mwalimu, mwenye mtoto wa miezi minne, imeshampita: kinga utakayoitengeneza itavuka kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto wako, naye atazaliwa akiwa nayo katika miezi ile ambayo hawezi kuchanjwa mwenyewe. Jambo hili lilipimwa Afrika Kusini, Mali na Nepal, na watoto wa kina mama waliochanjwa walipata homa hii kwa uchache zaidi. Kuhusu kizazi, wanawake mamilioni wamechanjwa kwa miaka mingi na wameendelea kuzaa. Ile ya nasali, yaani ya kupulizwa puani, ndiyo isiyotolewa kwa mjamzito, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Nenda na mumeo, msikie pamoja, na mumeo naye achanjwe kama fedha zipo, maana yeye ndiye atakayeileta nyumbani kutoka kazini.

Mkazi wa Ngamiani

Assalaam aleikum. Nina swali moja ambalo mtaani kwetu linaulizwa kimyakimya: je, ndani ya chanjo hii kuna kitu cha nguruwe? Na mwenye mzio wa mayai afanyeje?

Mama Makorora

Waaleikum salaam ndugu yangu. Swali hili liulizwe kwa sauti, na anayelipa ana haki ya kujibiwa kabla ya kukunja mkono wa shati. Chanjo ya kupulizwa puani inayotumika Uingereza kwa watoto ina jelatini inayotokana na nguruwe, na huko huko wazazi Waislamu wasioikubali hupewa ya sindano isiyokuwa nayo. Mwombe mhudumu akuonyeshe karatasi iliyomo ndani ya boksi, ambayo huorodhesha kila kilichomo. Chanjo nyingi hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, lakini mwongozo wa sasa wa Marekani unasema mwenye mzio wa mayai anaweza kuchanjwa; anayekatazwa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo yenyewe.

Nikiwa kwenye maswali ya kuuliza dirishani, naongeza haya ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu. Je, imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Imetengenezwa kwa msimu gani, na tarehe yake ya mwisho ni lini? Imehifadhiwa wapi? Chanjo hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ikiganda inaharibika sawasawa na ikipata joto. Kwenye mlango wa friji la chanjo huwa pamebandikwa karatasi ambayo nesi hujaza kipimo cha joto asubuhi na jioni, nami huomba kuiona, hasa wiki ambayo umeme umekatika mara kwa mara. Nesi mzuri haoni vibaya kuombwa.

Baba Mzingani

Mwalimu na Bibi, tumekaa na mke wangu tukakubaliana baba yangu achanjwe, na mtoto anayelala naye pia. Mtoto ana miaka 7 na hajawahi kupata chanjo hii. Nimesikia kuna dozi mbili. Je, tumechelewa, kwa kuwa homa imeshaenea? Na ikiwa ataugua kabla kinga haijakamilika, nitajuaje kwamba si ya kumpa uji tena bali ni ya kukimbilia hospitali ya Bombo?

Nesi Mstaafu wa Chumbageni

Mwanangu, mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili, ya pili ikiwa angalau wiki 4 baada ya ya kwanza. Baba yako atapata moja tu. Kinga hujengeka baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo kwa mtoto hesabu ni wiki sita, na katika kipindi hicho mhamishie chumba kingine kama nafasi ipo. Hujachelewa kwa maana ya kwamba haina faida tena. Nchi zilizo karibu na ikweta hazina majira ya baridi ya kuikatisha homa hii. Huzunguka karibu mwaka mzima, hupanda na kushuka. Kama siku ya chanjo mtoto ana homa kali, ngojeni ishuke. Mafua mepesi hayazuii.

Dalili za hatari ni hizi, na naomba kila mzazi azisome mara mbili. Mtoto akiwa ametulia, halii, hanyonyi, mvue shati kwenye mwanga wa kutosha, weka saa ya simu, hesabu pumzi dakika nzima bila kukadiria. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Kisha tazama chini ya mbavu: kama pale anapovuta pumzi nyama inaingia ndani badala ya kutoka nje, ondoka na mtoto wakati huo huo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo kwa mtoto wa umri wowote asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au anayelegea na kuwa mgumu kuamka. Kwa baba yako, akishindwa kumaliza sentensi kwa sababu ya pumzi, au midomo ikibadilika rangi, usingoje apate nafuu kwa dawa ya kuvuta peke yake. Hospitalini sema mapema kwamba nyumbani kuna homa ya mafua, kwa kuwa dawa ya virusi hivi, oseltamivir, hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Mama Makorora

Ahsante sana Bibi. Nimepiga simu kwenye kituo kimoja. Wanazo dozi chache na wamesema wanaotangulizwa ni wazee na wajawazito. Binti Pangani, wasiliana nao kabla ya mwisho wa wiki, nitakutumia namba yao pembeni. Jumamosi nawapeleka mwanangu na bibi yake, na jioni nitaandika hapa chanjo yao ni ya msimu gani, inaisha muda lini, na kama karatasi ya friji imejazwa.